Kutafuta mababu wa Ireland: anza na kitongoji
Jina la kaunti halitoshi. Akina Murphy wa Cork ni utitiri, kwa hiyo kabla ya kufungua rekodi za Ireland jua kwanza kitongoji. Mara nyingi kimeandikwa kule babu yako alikohamia: kwenye cheti cha ndoa, tangazo la kifo gazetini au jiwe la kaburi.

Sensa kamili za zamani zaidi zilizopona ni za 1901 na 1911, na kuzisoma mtandaoni ni bure. Za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua Dublin mwaka 1922, zilizofuata, serikali yenyewe iliziharibu (inauma!). Umri usiuamini hata kidogo. Mtu wa miaka 57 mwaka 1901 unamkuta ana 71 mwaka 1911, maana pensheni ya wazee ilianza 1909 kwa waliofikisha 70.

Usajili wa vizazi na vifo ulianza 1864. Nyuma ya hapo ni daftari za ubatizo za parokia, nyingi kwa Kilatini: James ni Jacobus, William ni Gulielmus. Nakili pia majina ya wasimamizi wa ubatizo, mara nyingi ni ndugu. Na O'Sullivan mtafute hata kwa Sullivan.