Regina na ile sketi
Jana usiku nimeirudia filamu ya Mean Girls ya 2004, na safari hii nilimkodolea macho Regina George tu, yule msichana anayetawala kundi la wasichana maarufu shuleni. Anaisifia sketi ya msichana pale shuleni, hata anamuuliza kaipata wapi. Yule akishaondoka, anamwambia Cady, mwanafunzi mgeni, kwamba hajawahi kuona sketi mbaya kama ile. Zamani nilicheka. Sasa naona mlengwa ni Cady: ameshajua sifa za Regina ni za uongo, na bado anazitamani. Gretchen, rafiki wa Regina, naye kapigwa marufuku hereni za duara, eti hizo ni za Regina. Watafiti wa saikolojia Crick na Grotpeter waliandika mwaka 1995 kuhusu uchokozi wa kimahusiano, ambao silaha yake ni urafiki wenyewe. Mimi nilikuwa Gretchen mwaka mzima, kisa nafasi kwenye benchi la kundi.