Siku Mwalimu Alipomkalia Bach

Nilikuwa na miaka 17 na kiburi cha wiki tatu. Wiki hizo zote nilijifungia chumbani na chelo, ile fidla kubwa ipigwayo kwa upinde ukiwa umekaa, nikipiga Preludi, yaani kipande cha ufunguzi, ya sviti ya kwanza ya mtunzi Bach (sviti ni mfululizo wa vipande vya muziki), ile ya G meja ambayo kila anayejifunza chelo huiota, na sasa niliijua kwa moyo. Mwalimu hakuwa amenipa kazi hiyo. Nilitaka kumshtukiza.

Siku ya somo nilirekebisha nyuzi, nikaanza tu bila kungoja kuambiwa. Sikufika mstari wa tatu. Aliinuka, akachukua karatasi zangu za nota, akazikunja mara mbili, akarudi kitini na kuzikalia.

"Casals, yule mpiga chelo mashuhuri, alizikuta sviti hizi dukani Barcelona akiwa na miaka 13," alisema. "Akakaa nazo zaidi ya miaka 10 kabla hajathubutu kuzipiga mbele za watu. Wewe je?"

"Wiki tatu, Mwalimu."

"Haya. Weka upinde chini."

Nilijua nitafokewa. Wapi! Alikuja upande wangu wa kulia, akaweka kiganja chini ya kiwiko changu, akaniambia nimwachie mkono wote aubebe yeye. Nikamwachia. Ghafla akaondoa kiganja. Mkono wangu ukabaki palepale hewani, kama kigingi. Tukautazama sote wawili.

"Nani anaushika?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Tukarudia, labda mara 10, labda 20. Kila nilipoapa kwamba sasa nimeulegeza, kiganja kiliondoka na mkono ukaning'inia. Ni aibu ya namna yake, kushindwa kuanguka, kazi ambayo hata jiwe linaiweza.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mtu wa "bonyeza, bonyeza zaidi", nami nilibonyeza hadi kidole gumba cha kulia kikaota sugu. Uzi ukibanwa hivyo hauimbi, unakoroma. Nadhani nilijua tangu zamani kwamba sauti yangu inakwaruza, ila niliifunika kwa mbio za vidole vya kushoto. Na Preludi ile, ambayo nota zake hufuatana bila kupumua, ni maficho mazuri sana.

Mkono ulianguka zikiwa zimebaki dakika chache somo liishe. Ulianguka kweli, ukapiga paja langu pa! Hakunisifu. Alinipa upinde, akanionyesha uzi wa C, ule mnene kuliko wote, niupige bila kuweka kidole chochote, nikivuta polepole toka shikio la upinde hadi nchani, mkono ukiwa mzito vilevile. Nikavuta. Uzi ulicheza kwa upana hata nikaona kama nyuzi mbili, na mtetemo ukaingia magotini, ukapanda kifuani, ukashuka sakafuni kupitia mguu wa chuma wa chelo. Chelo yangu mwenyewe, na sikuwa nimewahi kuisikia.

"Tena."

Nikapiga tena. Mara ya tatu nilianza kuitafuta ile sauti, basi ikatoroka, koromo likarudi. Akacheka kidogo, akasimama, akanirudishia karatasi zangu zikiwa na joto na makunyanzi.

"Nije nazo wiki ijayo, Mwalimu?"

"Njoo na mkono. Leo tumegusa uzi mmoja, bado tatu."