Siku yangu moja na mto Kilombero, Aprili maji yakiwa juu

Saa 11 alfajiri
Ifakara joto halilali, naamka nimeshaloa jasho. Chai ya rangi, chapati ya jana, halafu simu. Kazi yangu ni kupima maji ya mto, kwa hiyo kabla ya magrupu naangalia picha za mawingu na utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Usiku kumenyesha sana huko juu Udzungwa. Vijito vya mlimani kama Lumemo havina subira, vinashuka kwa kasi na vikizidiwa vinaingia mjini, lakini Kilombero wenyewe ni mzito, unajaza bonde taratibu wiki hadi wiki, na ukishajaa hauondoki leo wala kesho.

Saa 1 asubuhi
Tunapakia gari: boti ya mpira, maboya, betri, kamba, na ADCP, mashine ya kupima kasi ya maji kwa mlio, ambayo nailinda kuliko simu yangu. Dereva anapiga stori za enzi za kivuko, kabla daraja la Magufuli halijafunguliwa 2018, nacheka tu maana nimeshazisikia zote.

Saa 2 na nusu
Kituoni. Mzee anayesoma geji, yaani bati zenye namba za kupimia kina, ameshafika zamani.

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu. Mto wako umekasirika leo."

Bati za chini zote zimezama, inayoonekana ni ya juu tu na gogo limeilalia. Ananipa daftari lake, kaunta buku limevimba kwa unyevu, tarehe, asubuhi, jioni, kina cha maji kwa biki ya bluu, na pembeni siku moja kaandika "mamba yupo, nimesoma kwa mbali". Yani hiyo ndo data. Zile grafu za rangi mnazoonyeshwa kwenye mikutano kuhusu mito na tabianchi zinaanzia kwa mtu kama huyu, na posho yake ni ndogo na inachelewa, hilo linaniuma sana kuliko hata jua.

Saa 4
Majini. ADCP inarusha mlio, ukigonga chembe za mchanga na tope unarudi umebadilika kidogo, hapo inajua maji yanakwenda kasi gani kila kina. Tunavuka ng'ambo na kurudi, mwendo wa polepole, macho kwa viboko. Shida ni kwamba mashine inaitegemea sakafu ya mto kujua boti imesogea wapi, na mafuriko yakiwa makubwa mchanga wa chini nao unatembea! Tukaenda ng'ambo tukarudi palepale tulipoanzia, skrini inasema tumepanda juu ya mto. Hatujapanda popote, ni mchanga ulioteremka. Ukiiamini hivyo hivyo utaandika maji pungufu kuliko yanayopita kweli, kwa hiyo tunatumia GPS na kupima upya. Jua likawa limeshatuchoma vya kutosha.

Saa 7 mchana
Wali (wa Kilombero, msinibishie) na kambale. Kijana wa boti anauliza hivi mvua siku hizi zimekuwaje. Nikamwambia hewa ikiongezeka joto nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke karibu asilimia 7 zaidi, kwa hiyo mvua ikiamua kunyesha inamwaga kwelikweli, na kuna miaka Bahari ya Hindi upande wetu inapata joto kuliko upande wa Indonesia, kama 2019 na 2023, mwaka huo wa pili na El Niño ikaongezea, 2024 Rufiji na Kibiti wakaona cha moto kwa mafuriko. Akasema sawa, ila samaki mwaka ule walikuwa wengi. Naye ana hoja, bonde hili bila mafuriko si bonde.

Saa 10 jioni
Ofisini na laptopu. Kila kituo cha mto kina mchoro wake: kina hiki, mtiririko huu. Tukishakuwa nao tunasoma kina tu, mita za ujazo kwa sekunde tunazipata hapo. Lakini mchoro unajengwa na siku watu walizoweza kushuka majini, na siku za maji makubwa wengi hukaa nchi kavu, kwa hiyo sehemu ya juu ya mchoro ni mstari uliovutwa kwa kukisia. Halafu watu wanabishana modeli ipi ya tabianchi, zile hesabu za kompyuta, iko sahihi! Vituo vingi vya mito vilikufa miaka ya 80 na 90, mafuriko makubwa ya zamani hatuna kipimo chake cha uhakika, sasa modeli utailinganisha na nini? Na Kilombero ndio unaotoa zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, yanayozungusha mitambo ya bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Mimi hela ningeanza kuweka kwenye geji na wasomaji wake, modeli baadaye.

Nukta ya kipimo cha leo imekaa juu zaidi kuliko mstari wa zamani wa mchoro. Kesho tunarudi kupima maji yakiwa bado juu, nukta moja haitoshi kuusogeza mstari.

Saa 2 usiku
Jamaa mwenye kambi ya uvuvi kapiga simu, ahame au abaki? Nimemwambia ahamishe vitu leo leo, maji ya mvua ya usiku wa jana bado hayajamfikia.