Siku moja na maikroarei, kiputo kimoja kimenirudisha nyuma

Saa 2 kasoro asubuhi nishafika maabara, slaidi zangu zimelala kwenye oveni nyuzi 65 tangu jana saa 9 alasiri, saa 2 kamili zinatimiza masaa 17 na sitaki zipitilize.

Kwa asiyejua, slaidi yenyewe ndo maikroarei, kioo chenye maelfu ya vitone vya DNA, kila kitone na jeni yake. Seli zako karibu zote zina jeni zilezile ila sio zote ziko kazini, RNA, yaani nakala ambayo seli inatoa ya jeni iliyo kazini, ndo inakwambia ipi imewashwa. Basi mi nachukua RNA ya seli zilizopewa dawa naigeuza kuwa nakala zenye rangi nyekundu, za seli ambazo hazijapewa naweka kijani, nachanganya, namwaga juu ya kioo kila nakala ishike kitone cha jeni yake.

Saa 2 na robo naosha. Kuitoa slaidi kwenye maji ya mwisho ni polepole mno, sekunde 10 hivi, maji yateleze yenyewe, manake tone likibaki likakauka linaacha doa. Halafu mbio kwa skana kwa sababu ile rangi nyekundu inaharibiwa na ozoni ya hewani, ukichelewa utadhani jeni zimezimika kumbe rangi ndo imekufa.

Saa 4 picha imetoka. Slaidi ya kwanza safi kabisa, nyekundu, kijani, na njano pale zinapolingana. Ya pili kona moja giza tupu, kiputo cha hewa kiliganda pale usiku kucha na hiyo ndo ilikuwa slaidi niliyobadilisha rangi, yaani dawa kijani, bila dawa nyekundu. Imeniuma sana. Jeni inayopanda kweli inatakiwa iwe nyekundu huku na kijani kule, ikiwa nyekundu kotekote ujue ni rangi inakudanganya, sasa bila pacha siwezi kuamini hata ile nzuri.

Saa 6 nikageukia data za slaidi 6 za wiki iliyopita, nasawazisha rangi, napiga hesabu. Hapa wengi wanateleza: ukipima jeni 20,000 kwa kigezo cha 0.05, yaani unakubali bahati ikudanganye mara 5 kwa kila 100, hata dawa isifanye chochote utapata kama 1,000 "zilizobadilika" kwa bahati tu, lazima urekebishe, mi natumia njia ya wanatakwimu Benjamini na Hochberg ya 1995. Mwaka huohuo watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa maikroarei yao ya jeni 45 za mmea wa Arabidopsis, 45 tu!

Saa 9 alasiri narudia ile slaidi, sampuli ilibaki. Safari hii nimeizungusha mkononi mara kadhaa nikiangalia kila kiputo kinatembea, kimoja kikagoma, nikagonga taratibu kikaachia. Ndani ya oveni.

Saa 10 kutoa RNA mpya, barafu, glavu nabadilisha kila saa, vimeng'enya vinavyokula RNA viko hadi kwenye ngozi yako. Nimepima ubora, kipimo kinaishia 10, tatu zimepata zaidi ya 9, moja 5. Hiyo ya 5 nimetupa, seli nitaotesha upya.

Saa 12 jioni mirija mitatu iko kwenye friji la hasi 80 na slaidi inazunguka, kesho saa 2.