Nani anamwita nani: kaye (daftari) ya kusomea riwaya ya Harper Lee

Mwanafunzi wa humanités (sekondari) hapa Lubumbashi akiambiwa aandike alichokiona katika “Ne tirez pas sur l'oiseau moqueur”, mara nyingi anaanza hivi: ubaguzi wa rangi ni mbaya, Atticus ni mtu mwema, tupendane sote. Mistari mitatu, na biki inasimama. Mawazo anayo, ila ameanzia juu mno, na huko juu hakuna kitu cha kushika. Haya ni kwa ajili yake, na kwa yaya yake, yaani kaka au dada yake mkubwa, anayemsaidia jioni kabla umeme haujakatika.

Kitabu chenyewe kwanza, maana hata jina lake linachanganya watu. Harper Lee alikitoa Marekani, kwa Kiingereza, tarehe 11 Julai 1960. Siku hiyohiyo, hapa mjini, wakati huo Élisabethville, Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alitangaza kwamba jimbo hilo limejitenga na Kongo. Mambo hayo mawili hayahusiani hata kidogo, lakini tarehe hutaisahau tena. Mwaka 1961 kitabu kikapata tuzo ya Pulitzer. Anayesimulia ni msichana mdogo, Scout; baba yake, wakili mzungu Atticus Finch, anamtetea Tom Robinson, Mweusi aliyeshtakiwa kwamba amembaka msichana mzungu, Mayella Ewell. Kwa Kifaransa kimepitia majina matatu: “Quand meurt le rossignol” mwaka 1961, “Alouette, je te plumerai” mwaka 1989, na hili la leo tangu 2005. Ukivikuta vyote vitatu kwa muuza vitabu wa kando ya njia, usinunue ukidhani ni riwaya tatu. Na ukiwa na toleo la 1989, usiandike nusu ukurasa juu ya maana ya ndege alouette, kwa sababu huyo ni ndege wa mfasiri. Ndege wa Harper Lee ni wa Marekani, anaiga milio ya ndege wengine, na kitabuni Miss Maudie, jirani wa akina Finch, anasema haharibu bustani ya mtu, kazi yake ni kuimba tu.

Kwa kuwa matoleo yanatofautiana, taja sura, usitaje ukurasa. Sura ni 31: sehemu ya kwanza inaishia sura ya 11, ya pili inaanzia ya 12. Wiki sita zinatosha: 1 hadi 7, kisha 8 hadi 11, 12 hadi 15, 16 hadi 21, 22 hadi 26, na 27 hadi 31. Wiki ya nne ndiyo ya kesi, na hiyo isomwe kwa siku mbili mfululizo. Anayeisoma vipande vipande anasahau Mayella alipigwa jicho lipi, na bila jicho hilo kesi yote inampotea.

Sasa kaye. Chukua ya mistari, piga mistari minne ya kusimama ukurasa mzima. Safu ya kwanza ni sura. Ya pili, anayesema. Ya tatu, anamwita mwenzake nani. Ya nne, nani mwingine yupo anasikia. Safu hiyo ya nne ndiyo wanafunzi wanayoiruka, na ndiyo inayozaa mawazo mengi kuliko zote. Usiandike maoni yoyote humo ndani. Jaza mistari 25 hadi 30 kwa kitabu kizima, basi. Ukiandika kila jina linalotajwa utachoka kabla ya sura ya tano.

Kwa nini majina? Kwa sababu msomaji wa huku anayasikia haraka kuliko kitu kingine chochote. Mtoto wa Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, hawezi kumwita baba yake kwa jina akabaki na meno yote. Scout na kaka yake Jem wanamwita baba yao “Atticus” tangu sura ya kwanza. Wanafunzi wengi wanaandika hapo kwamba watoto wa wazungu hawana heshima, wanafunga kaye. Subiri kidogo. Andika kwanza mistari mitatu mingine: watoto wanamwita mpishi wao “Cal”, naye ni mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Calpurnia anamwita baba yao Bwana Finch. Na mwanzoni mwa sura ya 12, Jem akikaribia kuwa kijana, Calpurnia anaanza kumwita naye “Bwana Jem”. Mtu aliyemlea, aliyekuwepo jikoni tangu Jem alipozaliwa, akabaki hata mama wa watoto alipofariki Scout akiwa na miaka miwili, ndiye anayebadilisha lugha mbele ya mtoto. Hapo pana la kuandika, na neno “heshima” linaanza kuonyesha meno.

Halafu mtego mmoja wa wanaosoma kwa Kifaransa. Kiingereza cha siku hizo kina “wewe” moja tu kwa mkubwa na mdogo. “Tu” na “vous” unazoziona zimechaguliwa na mfasiri, sentensi kwa sentensi. Jibu lililojengwa juu ya nani anamwambia nani “tu” litaanguka siku mwalimu akifungua kitabu cha Kiingereza. Shika majina na vyeo: Bwana, Bibi, jina tupu, jina la utani, “boy”. Hayo yamo katika lugha zote mbili.

Ninajua kwa nini “tu” inavuta. Tarehe 30 Juni 1960, Lumumba katika hotuba yake ya uhuru aliitaja waziwazi: Mweusi aliambiwa “tu”, wala haikuwa kwa urafiki, kwa kuwa “vous” ilikuwa imewekewa wazungu peke yao. Siku 11 baadaye kitabu cha Harper Lee kikatoka huko kwao. Mwanafunzi anayeijua hotuba hiyo ana haki ya kuiweka kando ya Maycomb, mji wa kubuniwa wa Alabama wa miaka ya 1933 hadi 1935. Aiweke kwenye “boy” na “Bwana”, ambazo mwandishi mwenyewe aliziandika.

Tukae kidogo kwenye sura ya 18 na ya 19, maana ndiko chungu kinakotokota.

Mayella Ewell ana miaka 19. Amemshtaki Tom Robinson kwamba alimbaka. Atticus, wakili wa Tom, anamhoji kwa kumwita “Miss Mayella”. Msichana anakasirika. Anadhani anachekwa, na anakataa kujibu mpaka hakimu Taylor amweleze kwamba Bwana Finch ndivyo anavyosema na kila mtu. Jaza: sura 18, Atticus, “Miss Mayella”, juri, baba yake Mayella, Weusi wote walioketi ghorofani. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo msichana huyu anayelea ndugu saba pembeni ya jaa, na amepanda maua mekundu katika vyombo sita vya zamani vilivyobanduka rangi. Adabu inamuumiza kama tusi.

Sura inayofuata, Bwana Gilmer, mwendesha mashtaka, anamhoji Tom. Anamwita “boy”. Tom ana miaka 25, ana mke na watoto watatu, na kila jibu lake linabeba “bwana” kwa Gilmer. Dill, rafiki mdogo wa Scout, anaanza kulia hata anatolewa nje. Scout anamwambia wanasheria ndivyo wanavyofanya. Dill hakubali: Atticus hakufanya hivyo kwa Mayella.

Hapa Lubumbashi neno hilo halihitaji tafsiri. “Boyi” bado linatembea mitaani kwa mfanyakazi wa nyumbani, awe na mvi au asiwe nazo. Jibu zuri la mistari 15 linaweza kuanza hivi: “Katika sura ya 18 mtu anaitwa kwa heshima, anadhani anatukanwa. Katika sura ya 19 mtu anatukanwa, anajibu kwa heshima. Wote wawili wamezoea.” Baada ya hapo mwanafunzi aeleze kila mmoja alizoezwa na nani. Usiongeze Atticus shujaa hapo, ataharibu sentensi.

Kuna tokeo jingine la majina ambalo watu wanalikariri bila kulitazama. Mwisho wa sura ya 21, hukumu imetoka, Weusi wa ghorofani wanasimama Atticus akipita chini. Mchungaji Sykes anamwambia Scout, aliyeketi nao huko juu, asimame, baba yake anapita. Vizuri, machozi yanatoka. Lakini anamwita nani? “Miss Jean Louise”, yaani jina halisi la Scout. Mchungaji, mtu mzima, mbele ya kanisa lake, anamwita mtoto wa miaka minane hivi kwa cheo. Heshima kwa Atticus na mstari wa rangi vimo katika pumzi moja. Mwalimu akiuliza swali moja tu darasani, aulize hilo.

Majina hayamalizi kila kitu. Kesi ina ushahidi wake, na unashikika mkononi. Mkuu wa polisi Heck Tate anasema jicho la Mayella lililovimba lilikuwa la kulia. Bob Ewell, babake, anaandika jina lake juu ya bahasha kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom ulikamatwa na mashine ya pamba alipokuwa mtoto, umekauka. Akiapa, anauinua kwa mkono mwingine na kuuweka juu ya Biblia, nao unateleza na kugonga meza ya karani. Mwambie mwanafunzi asimame na jirani yake, ana kwa ana, aone ni mkono upi unafika kirahisi kwenye shavu la kulia la mwenzake. Dakika moja, na hatasahau. Kisha sentensi ya Tom inayomzika: anasema alimwonea Mayella huruma. Mweusi kumhurumia mzungu, mbele ya wanaume 12 wazungu! Huku kwetu hukumu ni kazi ya majaji, kwa hiyo eleza mapema kwamba huko ni raia hao 12 wanaoamua kama mtu ana hatia. Bila maelezo hayo mwanafunzi ataandika kwamba hakimu Taylor ndiye mbaya, naye ndiye aliyempa Tom wakili mzuri.

Ndiyo, alimpa. Kosa la kuandika kwamba Atticus “alijitolea” linarudi kila mwaka. Aliteuliwa na hakimu. Alichochagua ni kuifanya kazi hiyo kwa dhati. Na Atticus naye ana upofu wake: katika sura ya 15 analizungumzia Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, kama jambo la zamani lisilo na nguvu, na usiku si mrefu kundi la wanaume linafika mbele ya jela kumtaka Tom. Atakayeliandika hilo ataonekana amesoma.

Lile neno la Kiingereza linaloanza na “n”, tusi la kuwaita Weusi, limejaa kitabuni. Katika kaye liwe ndani ya alama za kunukuu, na jina la msemaji kando. Sentensi ya mwanafunzi mwenyewe isilitumie. Katika sura ya 9 Atticus mwenyewe anamkataza Scout.

Kulinganisha na kwetu kunakuja mwisho, na kuwe na vitu viwili vinavyoonekana, kimoja kila upande. Ghorofa ya Weusi katika mahakama ya Maycomb, na ukanda mtupu uliotenga mji wa wazungu wa Élisabethville na cité ya Weusi, Kamalondo, iliyoitwa Albert. Hapo unalinganisha kuta na kuta. Wengine wanarukia 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga. Si mwiko, ila jirani wa dawati anaweza kuwa mtoto wa nyumba iliyopandishwa treni ya kufukuzwa, na insha ya kurasa mbili haibebi mzigo huo vizuri.

Kuna kurasa ambazo msomaji wa huku anaziona kuliko hata wa Chicago. Sura ya 24, mabibi wa kanisa wanakunywa chai nyumbani kwa Finch. Wanawalilia Wamruna, watu wa kubuniwa wa msituni ambao mmisionari mmoja anawahudumia, na hapohapo wanalalamika wapishi wao Weusi wamenuna tangu kesi iishe. Calpurnia yuko jikoni. Katikati ya keki, Atticus anaingia na habari kwamba Tom ameuawa kwa risasi 17 gerezani. Sisi tuliosomeshwa na misheni tunaisoma chai hiyo kutoka upande wa Mmruna. Andika kutoka hapo, na usiombe ruhusa.

Na Calpurnia kanisani, sura ya 12: nyumbani kwa Finch anasema Kiingereza cha vitabu, kanisani anasema cha watu wake. Hakuna vitabu vya nyimbo, mwanawe Zeebo anasoma mstari, kanisa linaurudia. Mtu anayesema Kifaransa shuleni, Kiswahili cha Biblia kanisani na kile chetu cha sokoni Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, hahitaji kufafanuliwa. Aandike tu lini anabadilisha, na mbele ya nani.

Mistari ya mwisho ya kaye ni ya Arthur Radley, jirani wa akina Finch anayejificha ndani. Sura 28 nzima na zaidi, watoto wanamwita “Boo”. Sura ya 29 Scout anamsalimu kwa jina hilohilo, uso kwa uso. Sura ya 30 babake anamsahihisha taratibu: Bwana Arthur. Sura ya 31 anamwita Bwana Arthur yeye mwenyewe, anamwomba akunje mkono ili amshike watembee, majirani wakichungulia waone bwana anayemsindikiza Scout. Bwana Arthur anasema jambo moja tu, kwa kunong'ona: Scout amfikishe nyumbani. Safu ya nne, ya anayesikia, iache wazi mpaka kesho yake asubuhi.