Foleni ya Tarehe 9 Juni

Karatasi ya kura ya mchujo wa vyama niliyoiomba kwa posta haikufika. Ilikuwa Juni 2020, corona imebana kila mahali, nami nilikuwa raia mpya wa Marekani. Kazi yangu ni kutunza wazee, kwa hiyo nilitaka sana kupigia kura nyumbani nisije nikawapelekea ugonjwa. Nilikagua sanduku la barua mpaka Jumatatu jioni. Jumanne alfajiri nikavaa barakoa, nikaenda kituoni, kusini mwa Atlanta, jimbo la Georgia, kabla milango haijafunguliwa saa moja asubuhi.

Foleni ilikuwa tayari imezunguka jengo, imeshuka hadi kwenye maegesho, ikafuata ukingo wa barabara. Karibu wote tulikuwa watu weusi. Saa moja ilipofika mlango ulifunguliwa, lakini foleni haikusogea. Habari zikatufikia kwa kupokezana mdomo kwa mdomo: mashine mpya hazijawaka, zimewaka lakini zinakataa kadi, karani anapiga simu kuomba msaada, haipokelewi. Jimbo zima la Georgia lilikuwa likitumia mashine hizo za kugusa kioo kwa mara ya kwanza, na makarani wazoefu, ambao wengi ni wastaafu, walikuwa wamejitoa kwa kuhofia corona.

Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, foleni ya kura hainitishi. Mwaka 2002 tulisimama tangu giza, tukiimba, na hakuna aliyelalamika. Lakini Kenya siku ya uchaguzi mkuu hutangazwa kuwa ya mapumziko. Marekani Jumanne ya kura ni siku ya kazi kama nyingine, na anayeumia ni yule anayelipwa kwa saa. Mbele yangu alisimama kijana aliyevaa sare ya ghala, akitazama simu yake kila mara. Sheria ya Georgia ilimpa mfanyakazi hadi saa mbili za kwenda kupiga kura, na mwajiri hakulazimika kumlipa saa hizo. Zake ziliisha kabla hatujafika hata kwenye pembe ya jengo. Akatugeukia, sisi tusiomjua, akatuomba radhi, akaondoka. Mpaka leo naona uchungu nikikumbuka ule msamaha. Yeye ndiye aliyestahili kuombwa radhi.

Nyuma yangu alikuwa bibi mmoja aliyekuja na kiti cha kukunja. Alisema mama yake, enzi za ubaguzi, alikwenda kujiandikisha kupiga kura akaulizwa maswali ya sheria ambayo hata wakili angeyatafakari, kisha karani mzungu akaamua kuwa ameshindwa. Bibi huyo alikuwa msichana mwaka 1965, John Lewis, aliyekuwa akiandamana kudai haki ya kura, alipopigwa rungu na polisi kwenye daraja la Selma, kule Alabama. Sasa Lewis alikuwa mbunge wetu wa Atlanta, mgonjwa wa saratani, na mwezi uliofuata alifariki. "Siendi popote, binti yangu," bibi aliniambia. "Hiki kiti nimekileta makusudi."

Jua lilipokuwa kali wakaja watu wa kanisa la jirani na maji, ndizi na miavuli. Walipita wakigawa bila kumuuliza mtu anampigia nani.

Karibu saa sita mchana rafiki yangu akapiga simu. Yeye pia ni Mkenya, anaishi vitongoji vya kaskazini.

"Dada, umeshafika nyumbani?"

"Bado niko foleni."

"Mpaka saa hizi? Mimi nimemaliza kwa robo saa, hata sikukaa kwenye jua."

Jimbo moja, siku moja, mashine zile zile. Nilikata simu nikaanza kuuliza waliokuwa karibu, na bibi wa kiti akanieleza jambo ambalo baadaye nililisoma mwenyewe. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 iliyalazimu majimbo yenye historia ya kuwazuia weusi, Georgia likiwemo, kupata kibali cha serikali kuu kabla ya kubadili lolote katika upigaji kura. Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ililiondolea nguvu sharti hilo. Vituo zaidi ya 200 vikafungwa Georgia katika miaka michache, huku wapiga kura wakiongezeka. Kufikia 2020 kaunti tisa za eneo la Atlanta zilikuwa na karibu nusu ya wapiga kura wote wa jimbo, lakini asilimia 38 tu ya vituo. Foleni ile, basi, ilipangwa mezani miaka kadhaa kabla mashine hazijanunuliwa.

Nilipiga kura alasiri, miguu imevimba. Union City, mji mdogo kusini mwa Atlanta, mtu wa mwisho alimaliza baada ya saa sita usiku.

Novemba hiyo uchaguzi wa rais Georgia uliamuliwa kwa tofauti ya kura 11,779. Januari 2021 jimbo likamchagua Raphael Warnock, mchungaji wa kanisa alilohudumu Martin Luther King, kuwa seneta wake wa kwanza mweusi. Jibu la wakubwa wa jimbo lilikuja haraka: Machi 25, 2021, gavana Brian Kemp alitia saini sheria ambayo, pamoja na mengine, ilifanya kosa la jinai kumpa maji au chakula mtu aliye kwenye foleni ya kura. Nilipoisoma niliwaza wale watu wa kanisa na miavuli yao. Hakuna aliyenunua kura kwa ndizi siku ile. Muswada wa kurejesha ulinzi wa 1965, uliopewa jina la John Lewis, ulipita Baraza la Wawakilishi Agosti 2021 kisha ukakwamishwa Seneti.

Nami nikajiandikisha kuwa karani wa uchaguzi. Sheria ile ile aliyoitia saini Kemp inaturuhusu makarani kuweka chombo cha maji cha kujihudumia, basi nakijaza mapema. Kisha najaribu mashine moja moja, na yoyote isiyowaka nairipoti kabla ya saa moja.