Mkokoteni wa wasomi, Pittsburgh

Mama alinipigia kuuliza wikiendi nimeshindaje. Nikamwambia tulikuwa tunasukuma gari. "Limeharibika?" Hapana mama, halina injini toka mwanzo. Kimya. Kisha: "Yaani mikokoteni yote hii ya Kariakoo, wewe ukapanda ndege kuifuata huko?"

Hapa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mbio hizi za kusukuma gari lisilo na injini zilianza 1920, na hufanyika majira ya kuchipua, kwenye barabara za chuo na za bustani ya Schenley Park. Chombo wanakiita bagi. Kidogo, chembamba kama kombora, kina mpini nyuma, na wanafunzi wanakiunda wenyewe. Ukiuliza timu nyingine habari za magurudumu yao, watakubadilishia mada.

Ndani analala dereva kifudifudi, kichwa mbele, lami iko chini ya kidevu. Wengi ni mabinti wenye maumbo madogo. Wetu aliingia kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni; tukamfunga mikanda, tukafunika, basi, kikabaki kitundu cha kuchungulia.

Wasukumaji ni watano, kila mmoja na kilima chake. Mimi nilipewa Kilima cha Pili. Hapa hakuna kukabidhiana mkononi: mwenzako analisukumiza bagi linatangulia peke yake, nawe ushatoka mbio ulidake mpini. Siku yangu ya kwanza ya mazoezi, alfajiri, baridi inauma masikio, nilisahau kuachia. Likanivuta, nikala lami. Kovu la goti ninalo.

Maana ukifika kileleni lazima uachie. Bagi linateremka bustanini lenyewe, zaidi ya kilomita 50 kwa saa, mpaka kwenye kona kali ya kulia iliyopangwa marobota ya nyasi kavu. Kuna mtu wa bendera pale, kumwonyesha dereva aanze lini kukata kona. Baadaye wanalipokea wa vilima vitatu vya mwisho. Mbio nzima ni dakika mbili na ushee kwa timu kali, na wewe wa Kilima cha Pili huoni mwisho wake; umeinama, mikono magotini, unasikiliza watu wanashangilia nini.

Nikamsimulia mama na habari za Spirit, timu ya wanafunzi weusi, walioweka rekodi mwaka 1988 ikadumu miaka 20. Hiyo aliipenda. Ila kabla hajakata simu akauliza:

"Na huyo binti mnayemfungia humo ndani, kwao wanajua?"